Je, Msanii Ana Deni kwa Lugha Iliyomlea?

Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika mijadala yetu ya fasihi, hasa linapozuka suala la waandishi wa Kiafrika wanaotumia lugha za Ulaya. Kwa kawaida hutajwa mwishoni, kama hukumu: mwandishi fulani aliiacha lugha ya mama yake, kwa hiyo ni mtumwa, na mjadala umefungwa. Katika insha hii ninataka kuanzia pale mjadala unapofungwa. Nitauliza maswali mawili. Je, msanii mwenye lugha mbili ana deni la kimaadili kwa ile lugha ndogo iliyomlea? Na kama analo, atalilipaje ikiwa amechagua kufanya kazi yake katika lugha kubwa? Mfano nitakaoutumia ni Danai Gurira, mwigizaji na mtunzi wa tamthilia ambaye ni mzungumzaji wa Kishona na Kiingereza. Nimemchagua yeye kwa sababu kazi zake haziruhusu jibu la haraka, si la kumtetea wala la kumshutumu.

Wengi wetu tulimfahamu Gurira kama Okoye, jemadari wa kike wa Wakanda katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, au kama Michonne, mwanamke mwenye upanga katika mfululizo wa televisheni wa The Walking Dead, ambao alijiunga nao mwaka 2012. Wachache wanajua kwamba kabla ya umaarufu huo alikuwa tayari mtunzi anayeheshimika. Alizaliwa mwaka 1978 katika mji wa Grinnell, jimbo la Iowa nchini Marekani, kwa wazazi Wazimbabwe. Baba yake alifundisha kemia chuoni. Mwaka 1983, miaka mitatu baada ya Zimbabwe kupata uhuru, familia ilirejea Harare. Danai alikuwa na umri wa miaka mitano, na huko ndiko alikokulia na kusoma hadi sekondari. Baadaye alirudi Marekani, akasoma saikolojia ya jamii katika chuo cha Macalester, jimbo la Minnesota, kisha akahitimu shahada ya uzamili ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 2004.

Tamthilia yake ya kwanza kujulikana, In the Continuum, aliiandika na kuiigiza pamoja na Nikkole Salter mwaka 2005. Inahusu wanawake wawili weusi wasiofahamiana, mmoja wa Harare na mwingine wa Los Angeles, wanaogundua kwamba wameambukizwa virusi vya UKIMWI. Eclipsed, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 2009, inahusu wanawake wanaoshikiliwa kama wake wa kamanda wa waasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Liberia. Mwaka 2016 tamthilia hiyo ilifika Broadway, na Lupita Nyong'o, ambaye Afrika Mashariki tunamwita binti yetu, alikuwa miongoni mwa waigizaji. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Broadway kwa mtunzi, mwongozaji na waigizaji wote wa tamthilia moja kuwa wanawake weusi. The Convert ilitoka mwaka 2012 na Familiar mwaka 2015. Mwaka 2022 Gurira aliigiza nafasi ya Richard III, yule mfalme katili wa Shakespeare, katika bustani ya Central Park jijini New York.

Tamthilia hizi zote, kwa sehemu kubwa, zimeandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo kesi inapoanzia.

Upande wa mashtaka una wakili mzito, naye ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Hoja yake, aliyoieleza kwa urefu katika kitabu cha Decolonising the Mind cha mwaka 1986, ni kwamba lugha hubeba utamaduni na namna ya watu kujitambua. Mwandishi wa Kiafrika anayeandika kwa Kiingereza huchota maarifa kwa wakulima na wafanyakazi wake, kisha huyapeleka mahali ambapo wenyewe hawawezi kuyafikia. Ngũgĩ hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1977, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, ikaigizwa na wanakijiji wenyewe huko Kamĩrĩĩthũ. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini kwa mwaka mzima bila kushtakiwa. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikimbilia uhamishoni mwaka 1982, na nchi iliyompokea ni hiyo hiyo Zimbabwe ambako Gurira alikulia. Huko alifanya kazi ya thieta ya jamii hadi alipofariki mwaka 2008.

Sisi wa Uganda tuna mfano wetu, tena wenye damu. Byron Kawadwa aliandika kwa Kiganda. Tamthilia yake ya nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, iliwakilisha nchi yetu katika tamasha la FESTAC jijini Lagos mwaka 1977, na mwaka huo huo aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Inafaa tujiulize kwa nini watawala huwaogopa watunzi wa namna hii. Jibu mojawapo ni kwamba tamthilia katika lugha ya watu haihitaji mkalimani. Mama anayeuza ndizi sokoni anaweza kuisikia mara moja na kuwasimulia wenzake jioni. Kwa hiyo wanaodai kwamba msanii ana deni kwa lugha yake hawatetei sarufi na msamiati tu. Wanamtetea mtu ambaye, lugha yake ikiachwa nje ya ukumbi, naye ameachwa nje.

Hoja hii ina nguvu, na sikubaliani na wale wanaoipuuza kwa kusema eti msanii ni huru na hadaiwi na mtu. Hakuna aliyejiundia lugha yake ya kwanza. Tuliipokea bure kutoka kwa watu waliotusemesha kabla hatujaweza kuwajibu. Mtu aliyekunywa maji ya kisima kilichochimbwa na wengine anaweza kuhama kijiji, lakini hawezi kusema kwamba kisima hakimhusu.

Hata hivyo, hoja hii ikigeuzwa kuwa kanuni ngumu, kwamba anayeandika katika lugha ya mama yu salama na asiyefanya hivyo ni msaliti, inakutana na matatizo mawili.

Tatizo la kwanza linatoka Zimbabwe kwenyewe. Katika miaka ya 1950 serikali ya wakoloni wa Rhodesia iliunda ofisi ya kusimamia fasihi ya Waafrika. Ofisi hiyo ilihimiza riwaya za Kishona na Kindebele, ikasaidia zichapishwe na kusambazwa. Wakati huo huo ilihakikisha kwamba siasa haziingii katika vitabu hivyo. Mwandishi aliruhusiwa kusimulia mapenzi, uchawi, wivu wa wake wenza na hatari za mjini, ila si kunyang'anywa ardhi. Hapa tuna lugha ya mama iliyolelewa na mkoloni mwenyewe kwa ajili ya kuwanyamazisha wenye lugha hiyo. Sisemi kwamba waandishi waliopitia mlango huo walikuwa vibaraka. Wengi waliandika kwa ustadi na baadhi walijua kuficha moto ndani ya majivu. Ninachosema ni kwamba lugha peke yake haimfanyi mtu kuwa huru. Mtu anaweza kuwa mtumwa kwa Kishona safi kabisa.

Tatizo la pili linatuhusu sisi wenyewe. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili katika vyuo vya Uganda tumelelewa kwa Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na lugha nyingine. Kiswahili tulikikuta njiani. Wazee wetu wengine bado wanakikumbuka kama lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani, ingawa tangu mwaka 2005 katiba yetu inakitambua kama lugha rasmi ya pili. Kama kuandika nje ya lugha ya mama ni usaliti, basi hata insha hii ni ya msaliti. Inawezekana mtu akajibu kwamba Kiswahili ni cha Waafrika, kwa hiyo hakihesabiki. Lakini jibu hilo linabadilisha hoja. Lile deni la kwanza lilikuwa kwa lugha iliyonilea, na bibi yangu kijijini ambaye hajui Kiswahili haisomi kazi yangu kwa urahisi zaidi eti kwa sababu lugha niliyoitumia ilizaliwa pwani ya Afrika badala ya Uingereza.

Kwa Gurira swali hili ni gumu zaidi. Asili yake ni ipi? Alizaliwa Iowa, akalelewa Harare na wazazi waliozijua lugha zote mbili, akawa mtu mzima Minnesota na New York. Anayemwambia arudi kwao lazima kwanza amwonyeshe kwao ni wapi. Methali yetu iliundwa kwa ajili ya mtu mwenye asili moja anayoweza ama kuikumbatia au kuiacha. Haikutayarishwa kwa ajili ya mtu ambaye asili yake yenyewe ni njia panda.

Kutokana na hayo ninapendekeza tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa. Kuna deni kwa lugha, na kuna deni kwa watu waliotupa lugha hiyo. Deni la kwanza ni la kitamathali, maana lugha haiwezi kudai, kuumia wala kusamehe. Deni la pili ni la kweli, kwa sababu watu wanaweza kudharauliwa, kuibiwa hadithi zao na kufungiwa mlango. Tukikubali tofauti hii, swali la kumuuliza msanii linakuwa pana kuliko kuuliza aliandika kwa lugha gani. Tunapaswa kuuliza aliwafanyia nini wenye lugha. Ninaona angalau njia tatu za kulilipa deni hilo, na kazi za Gurira zinatusaidia kuzipima.

Njia ya kwanza ni kuamua nani abebe uzito wa kutoelewa. Kila tamthilia ya lugha mbili humwacha mtu fulani akihangaika, na mtunzi ndiye humchagua mtu huyo. The Convert imewekwa katika Salisbury ya miaka ya 1890, wakati Washona walipoinuka dhidi ya walowezi. Msichana aitwaye Jekesai anaikimbia ndoa ya kulazimishwa na kupata hifadhi nyumbani kwa Chilford, Mwafrika mwalimu wa dini ya Kikatoliki, ambaye anambatiza na kumpa jina la Ester. Katika nyumba hiyo Kiingereza ndiyo lugha ya wokovu, na Chilford anakizungumza kwa madaha ya mtu aliyekiazima kwa gharama kubwa. Lakini Mai Tamba, mtumishi wa nyumba hiyo ambaye pia ni shangazi wa msichana, ana Kishona chake, na Kishona hicho kinasikika jukwaani bila kufasiriwa. Tamthilia hii iliigizwa Princeton, Chicago na Los Angeles, na mwaka 2018 ikaigizwa katika ukumbi wa Young Vic jijini London, Letitia Wright akiwa Jekesai. Katika kumbi hizo aliyekata tiketi ya bei ghali ndiye aliyekaa gizani akijaribu kukisia. Kwa dakika kadhaa alionjeshwa kile ambacho Waafrika walionjeshwa kwa miaka mingi mahakamani, shuleni na kanisani: kuwa mgeni mahali ambapo maamuzi yanafanyika. Mzungumzaji wa Kishona aliyekuwa pembeni yake, labda mtu aliyefanya usafi ofisini mchana ule, ndiye aliyeelewa kila kitu.

Njia ya pili ni kuonyesha gharama ya kuipoteza lugha badala ya kuificha. Familiar inahusu familia ya Wazimbabwe waliohamia Minnesota wakafanikiwa. Binti mkubwa anataka kuolewa na Mmarekani mzungu, na shangazi anakuja kutoka Zimbabwe kusimamia roora, yaani mahari. Mama mwenye nyumba hataki kabisa mambo hayo yaingie kwake. Binti mdogo, Nyasha, anajifunza kupiga mbira na ana uchungu kwa sababu wazazi wake hawakumfundisha Kishona. Hapa mtunzi hatoi hukumu rahisi. Wazazi walinyamaza kwa mapenzi, wakidhani kwamba lugha moja ingemfanya mtoto asafiri akiwa mwepesi. Hata hivyo mtoto amekua akijiona amenyimwa kitu ambacho hakukiomba na ambacho hawezi kukinunua tena. Nimewasikia wanafunzi wenzangu waliokulia Kampala wakisema maneno kama ya Nyasha baada ya kurudi kutoka mazishi ya babu, ambako walisimama kando kwa sababu hawakuzielewa hotuba. Tamthilia ya Kiingereza inayomfanya mzazi ajiulize usiku huo huo kama awasemeshe watoto wake kwa lugha yake imeilipa lugha hiyo zaidi ya kitabu cha lugha ya mama kinachokaa kabatini.

Njia ya tatu ni kuwarudishia wengine nafasi. In the Continuum haikubaki New York, bali ilipelekwa pia kuigizwa Harare. Mwaka 2011 Gurira alishiriki kuanzisha Zimbabwe taasisi ya sanaa za maonyesho, ambayo huwakutanisha watunzi, waongozaji na waigizaji wa Zimbabwe na wenzao wa Marekani kwa mafunzo na usomaji wa tamthilia mpya. Taasisi hiyo inaitwa Almasi, neno ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa maana yake. Ninaipa njia hii uzito mkubwa. Msanii aliyevuka mto anaweza kuuvunja mtumbwi nyuma yake ili abaki peke yake ng'ambo, au anaweza kuurudisha.

Je, basi Gurira amelipa deni lote? Ningekuwa nimemaliza insha kwa urahisi kama ningesema ndiyo. Lakini kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita. Lugha haiishi kwa kutajwa tu. Lugha hukua inapofanyishwa kazi zote: kubishana, kufikiri, kutania, kutunga sheria, kuelezea sayansi. Katika tamthilia nyingi za lugha mbili, lugha ya Kiafrika hupewa sala, kilio, wimbo na hasira ya wazee, huku Kiingereza kikipewa fikra. Tukizoea mgawanyo huo tutaamini kwamba Kishona ni cha moyo na Kiingereza ni cha akili, na huo ndio ubaguzi wa zamani katika nguo mpya. Tatizo linakuwa kubwa zaidi katika filamu. Lugha ya Wakanda katika Black Panther ni Kixhosa, lugha ya mamilioni ya watu wa Afrika Kusini. Ilikuwa furaha kukisikia katika kumbi za sinema za dunia nzima, lakini kilisikika kwa sentensi chache, na mashujaa walipokuwa na jambo zito la kujadili walirudi kwenye Kiingereza. Hicho ni kiungo tu, wala si chakula.

Pingamizi hili linazidi kuwa na nguvu tukikumbuka kwamba njia nyingine ipo. Charles Mungoshi, Mzimbabwe wa kizazi kilichomtangulia Gurira, alichapisha mwaka 1975 riwaya ya Kiingereza, Waiting for the Rain, na mwaka huo huo akachapisha riwaya ya Kishona, Ndiko Kupindana Kwamazuva. Baadaye aliitafsiri riwaya ya Ngũgĩ, A Grain of Wheat, kwa Kishona. Kwake Kishona hakikuwa pambo. Kilibeba riwaya nzima, pamoja na mawazo yake yote magumu. Hapa kwetu Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile kwa Kiswahili mwaka 1969, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Naye Penina Muhando alitunga tamthilia zake kwa Kiswahili huku akifundisha katika chuo kikuu ambako Kiingereza kilitawala. Mifano hii inatuzuia kusema kwamba haiwezekani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Gurira hakuwa mtumwa, na methali imetumiwa vibaya ikielekezwa kwake. Amewalipa watu wake sehemu kubwa ya deni: amewapa heshima ya kueleweka kwanza, amesema wazi juu ya kile wanachokipoteza, na amewafungulia mlango. Lakini sehemu moja imebaki, nayo ni kuifanya lugha yenyewe ibebe fikra nzima. Sehemu hiyo hawezi kuilipa mtu mmoja aliye New York, hata angetaka. Inahitaji mchapishaji wa kuichapa tamthilia ya Kishona, shule ya kuifundisha, ukumbi wa kuionyesha na mtazamaji wa kukata tiketi. Deni la lugha ni kama deni la mazishi kijijini: aliyejaliwa zaidi hutoa zaidi, lakini hakuna anayeruhusiwa kukaa nyumbani kwa sababu jirani yake tajiri ameshachanga.

Hapa ndipo ninapoona udhaifu wa mijadala yetu ya darasani. Ni rahisi kumhukumu mtu maarufu aliyeko mbali kwa lugha aliyoichagua, na hukumu hiyo haitugharimu kitu. Swali gumu ni letu sisi tunaohukumu. Ni nani kati yetu aliyenunua kitabu cha Kiswahili mwaka huu bila kulazimishwa na silabasi? Ni nani amekwenda kutazama mchezo wa Kiganda au wa Kiacholi kwa hiari yake? Ni nani, akiwa na wazo zito kuhusu siasa au falsafa, amejaribu kulisema lote kwa lugha ya bibi yake mpaka mwisho, bila kuruka kwenye Kiingereza linapoanza kuwa gumu? Mtunzi huenda kuliko na wasikilizaji. Tukimwacha acheze mbele ya viti vitupu, hatuna haki ya kumwita mtumwa anapokwenda kucheza mbele ya viti vilivyojaa.